Daftari la Siku Thelathini

Hodi ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilimkuta fundi saa ameinama mezani, kibanio mkononi, akitafuta skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini alisimama msichana asiyemjua, mkoba begani.

"Nimetoka chuoni, kwenye ule utafiti wa soda. Mwenzangu aliyewaletea makopo anaumwa. Nimekuja kuchukua daftari."

"Mlisema Jumatatu."

"Nisamehe, kaka. Ratiba imebadilika."

Fundi akalifunika daftari kwa kiganja. Makopo manne ya soda isiyo na sukari kila siku, kwa siku thelathini, na kila jioni kuandika hali ya moyo ilivyokuwa. Chuo kilitaka kujua kama soda hizo zinamgeuza mtu. Siku ya kwanza aliahidi kwa mdomo wake mwenyewe: hatachana ukurasa, hatafuta neno. Tangu jana alikuwa akiitafutia ahadi hiyo mlango wa kutokea.

Mkewe akatoka jikoni na kopo mkononi. Akalitua mezani kwa kishindo, skrubu zikaruka.

"La mwisho hilo. Tupu."

"Habari za nyumbani, dada?" mgeni alisalimu.

"Nyumbani wapi? Karibu upaone kabla hapajafungwa." Akaonyesha kwa kidevu begi kubwa lililosimama kando ya mlango wa chumbani, zipu imefungwa mpaka mwisho. "Mimi nasubiri neno lako moja tu. Ukiniambia haya yote ni soda, nalifungua lile begi. Ukiniambia ni mtu mwenyewe, naenda kwa dada yangu na mtoto wangu. Leo hii, si kesho."

Mgeni akakaza mkanda wa mkoba. "Bado hatujui, dada. Ndiyo maana tunauliza watu wengi. Tukifichwa, hatutajua kamwe."

Fundi akalivuta daftari karibu. Mambo ya ndani yote yalikuwa mle, kwa mwandiko wake. Akalifungua kidogo, kama anayekagua tu.

*Siku ya 5. Mke wangu amenuna. Hakuna aliyemgusa.*

*Siku ya 9. Mteja mmoja mjeuri amechukua saa yake na kuondoka.*

*Siku ya 14. Mtoto amejifungia chumbani. Watu wa nyumba hii siku hizi hawaambiliki.*

*Siku ya 22. Saa ya ukutani imevunjika. Mke wangu analia ovyo.*

"Imevunjika," mkewe alisoma juu ya bega lake, akacheka kicheko kikavu. "Masikini saa. Ilichoka kuning'inia, ikajirusha."

Ukutani ulibaki msumari, na chini yake duara jeupe ambalo vumbi halikuwahi kulifikia.

Mtoto wao akatokea uani. Zamani walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa akiongea hata na kijiko chake. Alipomwona baba yake mezani, alivua viatu, akavishika mkononi, akapita kwa ncha za vidole hadi chumbani. Mlango ukafungwa taratibu.

Fundi aliutazama mlango ule.

"Kujitoa ni haki yenu, hata sasa," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Mkitaka kubaki nalo, nitaandika tu kwamba hamkumaliza. Hakuna atakayewauliza."

"Si umesikia?" mkewe akasema. "Chana tu, bwana. Utupe na hayo makopo. Nani atajua?"

Hakuwa akitania. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini hakuyafuta.

Fundi akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma upya, polepole, kama anavyofungua saa iliyoletwa na mtu mwingine: mke, mteja, mtoto, jirani, mke, mtoto; neno 'mimi' halikuwepo. Alipofika siku ya ishirini na mbili alisimama. Akautazama msumari ukutani, kisha mkono wake mwenyewe.

"Niliahidi," alisema.

Akalifunga daftari, kurasa zote thelathini, akalisukuma upande wa pili wa meza.

Mgeni aligeuza jalada la nyuma. Palikuwa na mstari mmoja mtupu.

"Imebaki sahihi ya aliyekunywa."

Mkewe hakusogea. Fundi akalitazama begi, akachukua kalamu, akaandika jina lake.