Kumi kwa Kumi

Cha, cha. Chupa ya vidonge ilitikisika gizani, taa ikiwa ndiyo kwanza imezimwa. Jerusha alijifanya amelala. Kisha magongo ya Ryoba, mumewe, yakagonga sakafu hadi nje, eti haja ndogo, kama kila jioni.

Ng'ambo ya ua, kwa mama mkwe, kitanda kilikuwa kimya siku hizi, bila mguno wa usiku. Hata ile kansa imechoka, Jerusha aliwaza.

Ryoba alivunjika paja kwa pikipiki. Aliwekewa chuma, na siku ya kuruhusiwa daktari akamuuliza: maumivu ni ngapi kwa kumi?

"Kumi," alisema Ryoba.

Nchagwa, aliyetahiriwa naye siku moja, alicheka hadi nesi akageuka. "Wewe! Mbele ya kisu hukupepesa jicho, leo unasema kumi? Hiyo usiirudie kule nyumbani Kegonga."

Ryoba alitazama chini. Daktari akaandika dawa kali za mwezi mzima, akamgeukia Jerusha. "Mama, chunga. Moja asubuhi, moja jioni. Mtu akizizoea, hatoki."

Jerusha alichunga. Alihesabu, akaona zinaisha kwa kasi mara mbili ya ilivyoandikwa. Na nafuu hakuiona. Usiku Ryoba alitokwa jasho, akauma blanketi.

"Umekunywa ngapi, Baba Robi?"

"Wachana na hiyo maneno."

Hakumtazama usoni.

Kulipopambazuka, Ryoba angali amelala, Jerusha alibeba chupa hadi chooni, akamwaga vidonge vyote shimoni. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Atateseka wiki moja, halafu atakuwa wangu tena.

Alimkuta jikoni amesimama kwa gongo moja, akipapasa rafu.

"Iko wapi?"

"Chooni. Utapona bila hizo, mume wangu. Nitakushika mkono mpaka zikutoke mwilini."

Gongo lilianguka. Ryoba aliketi chini kwenye majivu, mguu wenye chuma umenyooka mbele yake, na yeye ambaye hakulia kwa kisu, akalia.

"Kliniki ya Migori ni baada ya wiki tatu," alisema. "Wiki tatu, Jerusha."

"Nitakuwa na wewe zote."

Mlango ulisukumwa. Robi, binti yao wa miaka mitano, aliyekuwa akilala kwa nyanya yake ng'ambo ya ua, aliingia na kikombe cha maji mkononi, akikishika kwa uangalifu kisimwagike.

"Baba, nyanya anaulizia dawa yake."