Landrova Iliyogoma Kibondo

Stata ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika. Ilikuwa mara ya sita. Anatoli alishuka, akafungua boneti tena, taratibu, kama mtu anayerudia shamba ambalo mvua imeshamfukuza mara mbili.

"Anzia kwenye tangi," alisema Ndugu Hilali, mkuu wake, mtu wa Lindi aliyehamishiwa Kibondo miaka miwili nyuma. "Usirukeruke."

"Nilianzia kwenye tangi, Ndugu."

"Anza tena."

Akaanza tena. Alilegeza bomba la kabureta, akapiga pampu kwa mkono. Petroli ikaruka, safi, haina maji. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Alikwenda kuomba maji ya moto kwa mlinzi, akavimwagia, akavikwangua kwa kisu, akavikaza. Taa zikawaka kali. Alichomoa plagi zote nne, akazisugua kwa msasa, akazirudisha, na muda wote huo Ndugu Hilali alisimama nyuma ya bega lake. Ile ya tatu, alisema, bado ina masizi. Arudie.

Nestori, mgambo aliyepangwa kufuatana nao, alikuwa amekaa kivulini juu ya debe.

"Dereva, labda na yenyewe inataka chai."

"Niache nisikilize."

"Usikilize nini? Mgonjwa kishakata kauli huyo."

Bisibisi ilisimama mkononi mwa Anatoli. Kisha ikaendelea.

Nyuma ya vilima vya Busunzu, mama yake alikuwa amelala chini ya paa lake la nyasi. Dada yake, Esteria, alikuja jana mchana mpaka kwenye ua wa ofisi, akamweleza kwa Kiha, wageni wasielewe. Mama hali chakula tena. Anapewa maji kwa kijiko. Ukimwinua analia, na hajawahi kuwa mtu wa kulia. Lakini amri ilikuwa imeshatoka. Landrova ikifika Busunzu na Ndugu Hilali, mapaa yanateremshwa siku hiyohiyo, na wote wanahamia kijiji kipya kando ya barabara. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na mapaa mengi yalikuwa yameshateremshwa.

"Mtafutie siku chache tu," Esteria alisema. "Afie kwake."

Ndiyo maana alfajiri, kabla mtu hajafika kazini, Anatoli aliuchomoa waya wa moto unaotoka kwenye koili, akauacha umeegemea mahali pake kana kwamba umeshika. Miaka kumi na moja ya udereva, na hakuwahi kulitenda gari ubaya. Tangu hapo mikono yake ilikuwa mizito, kama si yake.

Ilipofika saa nne, Ndugu Hilali alijifuta jasho shingoni.

"Nestori, nenda posta ukapige simu Kasulu. Waje na fundi, na gari lao. Leo hiihii."

"Si nilisema tangu saa mbili," Nestori alinung'unika, akaondoka akiburuza viatu.

Anatoli alimtazama mpaka akapotea nyuma ya maduka. Fundi wa Kasulu angeuona waya ule kabla hajavua koti. Yeye angefungiwa ndani, gari la Kasulu lingekwenda Busunzu na dereva mwingine, na mama angetolewa nje kwa mikono ya watu asiowajua. Basi. Afadhali aende mwenyewe. Atangulie kuingia, amfunge katika blanketi, ambebe yeye mwanawe.

Aliinama, akauchomeka waya, akaukaza kwa koleo.

"Nadhani nimelipata kosa, Ndugu."

"Haya. Jaribu."

Alipanda, akawasha stata.

Injini haikushika.

Akawasha tena, na tena, mpaka sauti ya betri ikaanza kulegea. Kosa lake alikuwa ameshalirekebisha. Hili jingine hakulijua, na hakuna mtu ambaye angemsadiki.

Alishuka. Kilibaki kitu kimoja ambacho hakukigusa, kwa sababu jana yake alikuwa amekisafisha mwenyewe na kukifunga vizuri. Alifyatua vibanio vya distributa, akainua kifuniko. Rota, kile kipande kidogo cheusi kinachozunguka na kugawa moto kwa plagi, hakikuwamo. Palibaki kijiti cha chuma kitupu.

"Funga," Ndugu Hilali alisema nyuma yake.

"Ndugu, hii sijui. Hii kweli siijui."

"Funga kifuniko, Nestori atarudi sasa hivi. Simu ya posta imekufa tangu juzi."

Alitoa leso mfukoni, akaifunua kiganjani. Rota ilikuwa katikati, imefutwa mafuta.

"Waya wako ule, Anatoli, hata fundi baiskeli angeuona."

Akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Alisema ataandika barua kuagiza kipuri Kigoma, na kwamba mpaka kifike ni siku nne. Alitazama njia ya posta, haina mtu. Kisha, kwa Kiha ambacho Anatoli hakuwahi kumsikia akikitamka, neno mojamoja, akauliza kama siku nne zingemtosha mama.