Kifuniko cha Sufuria

Tangu chuo cha umma kianze kupokea ada kwa sauti za wazazi, Nyamizi huwaita wanawe kula kwa kugonga kifuniko cha sufuria. Sauti yake yote ilimlipia ada Kabula, aliye mwaka wa tatu. Hajutii, mtoto ni wake. Ila amechoka kuandika kibaoni hata "zima jiko."

Jioni hiyo Kabula aliingia na begi lake, macho mekundu. Nyamizi akaandika: "Si leo mtihani?"

"Wamepandisha ada, mama. Lango limenizuia."

Nyamizi akaandika tena: "Limesemaje?"

"Limesema, 'Mwanangu, ada haijatosha, rudi nyumbani.' Kwa sauti yako, mama. Nikatii."

Nyamizi akafuta kibao. Kisha akagonga kifuniko, ugali usije ukapoa.