Ngoja Bei Ishuke

"Usinunue," Wawira alimwambia mchumba wake kwenye simu. "Ngoja Agosti. Itashuka tu."

Kiogora alijishika kichwa. Januari aliambiwa angoje Aprili. Aprili akaambiwa Juni. Sasa ni Juni, amesimama ndani ya kibanda chake cha fotokopi pale Nchiru, Meru, karibu na chuo, wanafunzi watatu wanamsubiri, na pesa ya ile mashine ya gemu imekaa tu kwa simu, haina kazi.

"Wawira, mimi nimechoka. Pesa ninayo. Wacha ninunue leo, Jumamosi niilete, tumalize hii maneno."

"Hapa kwetu bado ni elfu themanini na tano. Kwani uliziokota? Hizi mashine ndizo mimi nauza, Kiogora. Ikiwa mpya huwa juu, halafu inaanguka. Sikiza mtu wa kazi."

Angebisha vipi? Wawira alikuwa muuzaji katika duka la elektroniki pale Embu mjini, mwaka wa tano sasa. Akisema kitu kuhusu bei, hata mwenye duka alimsikiza.

Shida yote ilianza siku ya mahari. Wazee wa Kiogora walitoka Meru alfajiri wakafika Embu, mtaa wa Dallas, nyumbani kwa Mzee Ndwiga, baba yake Wawira. Kila kitu kikaenda sawa: mbuzi, asali, blanketi ya mama, koti la mzee. Mzee Ndwiga alimpenda Kiogora waziwazi, na alikuwa ameshaanza kutaja mwezi wa harusi. Ndipo Njura, kaka yake Wawira, akainua mkono. Alisema naye ana chake. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma jina la mashine ya gemu, ile mpya iliyotoka juzi, akisitasita kwenye kila neno. Wawira, aliyekuwa akigawa chai, alisema tu, "Ni haki yake."

Wazee walikuna vichwa. Lakini shemeji akishaitisha kitu mbele ya watu, nani atamwambia anyamaze? Wakakubaliana kwamba mpaka mashine ifike, hakuna tarehe ya harusi.

Mashine ya gemu, jamani! Angeitishwa ng'ombe angejua pa kuanzia. Kiogora alikuwa na miaka thelathini na minane, na kila Jumapili wakitoka kanisani mama yake alimuuliza kama huyo msichana wa Embu ni wa kweli ama ni wa simu. Amjibu nini? Kwamba ndoa yake inangojea bei ishuke?

Februari, alipoona mtandaoni kwamba mashine imeshuka hadi elfu sabini, Wawira alimkemea. "Hizo zishafunguliwa. Utaletewa boksi lina tofali ndani." Alipotaka kumpigia Njura waongee kama wanaume, akakatazwa, asije akaonekana mchoyo. Leo ni dola, kesho ni ushuru, kesho kutwa ni meli imechelewa Mombasa. Na kila mara Wawira alimalizia kwa sauti ya upole, "Mimi nahurumia pesa yako."

Hilo ndilo lililommaliza. Hasira ilikuwa ikimpanda mpaka anapiga meza, kisha anakumbuka: mwanamke anayekuchungia pesa hata kabla hajaingia kwako, utampata wapi tena? Basi anaketi.

Agosti ikafika.

"Oktoba," Wawira akasema.

Kiogora alikata simu bila kuaga. Hakuwa amewahi kumfanyia hivyo.

Wiki hiyohiyo, msichana mmoja wa chuo alileta risiti itolewe nakala. Kiogora aliitoa nakala, akaishika karatasi ikiwa bado moto, akasahau kumpa mwenyewe. Mashine ya gemu ileile. Duka la Meru mjini. Elfu hamsini na nane.

"Hii ni ya ukweli?"

"Iko hosteli," msichana akasema. "Hata usingizi imetunyima."

Saa nne asubuhi hiyohiyo kibanda kilikuwa kimefungwa. Kule Meru, alipoliona boksi jipya na plastiki yake, Kiogora nusura amkumbatie muuzaji.

"Imeshuka lini?"

"Hii? Tangu Pasaka, bosi. Kila mahali."

Tangu Pasaka! Ala! Basi labda Embu habari hufika polepole. Hata hivyo Wawira alisema itashuka, na si imeshuka? Alijuta kumkatia simu mtu wa maana hivyo. Akaamua hatamwambia lolote; atafika tu, amshtue.

Jumamosi mchana alipiga hodi Dallas, ndani ya suti, boksi kifuani. Mzee Ndwiga aliinuka kitini kwa furaha, akamwita "mwanangu", akatangazia nyumba nzima kwamba sasa harusi ni Desemba na hakuna wa kuizuia. Wawira alichungulia kutoka jikoni, akaliona boksi, akarudi ndani bila kusalimia. Kiogora akadhani ni haya.

Mzee alipotoka kwenda kuwaita majirani, Njura aliingia akipangusa grisi mikononi. Alilipokea boksi, akaligeuza juu chini.

"Hii ni nini, shem?"

"Si ndiyo ile uliitisha!"

Njura alisoma maandishi polepole. Kisha akautazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Pole sana, shem. Mimi hata gemu sichezi. Ni Wawira aliniambia niitishe hiyo. Alisema bei yake hutaiweza."