Glasi ya Mwenye Nyumba

Walipokwisha kuanua matanga, Eufrasia alitoa stoo chupa ya divai ya Porto ambayo marehemu mumewe aliilaza ikomae tangu mwaka waliooana. Akaisimamisha mezani kutwa nzima ili mashapo yatuame chini.

Jioni shemeji yake, Gaudensi, alikataa kuimimina. "Kazi hiyo siiwezi, shemeji. Nipe mshumaa tu."

Miaka yote ya ndoa, mshumaa ulikuwa kazi ya Eufrasia. Aliushika nyuma ya shingo ya chupa ili mashapo yaonekane, mumewe akimimina polepole kwenye jagi la kioo, na weusi wa mashapo ulipofika shingoni, mumewe alisimamisha mkono. Divai safi ilikwenda kwa wageni. Iliyobaki chupani ilichujwa kwa kitambaa, ikawa ya Eufrasia, huko jikoni.

"Ladha ni ile ile," mumewe alizoea kusema, naye hakuwahi kubisha.

Sasa Eufrasia alimimina mwenyewe, Gaudensi akimshikia mshumaa, akaacha pale pale ambapo mumewe angeacha. Akajaza glasi moja kutoka kwenye jagi, akanywa kabla ya mgeni wake.

"Vipi, shemeji?" Gaudensi aliuliza.

Ilikuwa laini, yenye utamu wa zabibu kavu, bila chembe wala uchungu. Haikufanana hata kidogo na ile ya jikoni.

Eufrasia aliimaliza bila haraka. Kisha akaichukua chupa, akamimina mashapo yote kwenye glasi nyingine, akaiweka mbele ya kiti cha marehemu.

"Usiuzime mshumaa," alimwambia Gaudensi. "Aone anachokunywa."