Vidonge vya Magoti

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Dokta, wifi anasema nakula kwa kujificha. Naapa, nalala njaa."

Daktari aliinama akitazama michirizi ya zambarau tumboni mwake, mipana kama vidole. Kisha akamshika mkono. Ulikuwa mwembamba, kama wa mtu mwingine.

"Unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya magoti tu, muda mrefu sasa. Muuza dawa alisema havina neno."

Daktari akavuta kiti, akaketi. "Dada, unene una sababu nyingi, na wako si ulafi. Ni hivyo vidonge; hujaza tumbo na kukondesha mikono. Lakini usije ukaviacha ghafla. Mwili umeshavizoea; ukivikosa, unaweza kuzimika."

Bonge alikuwa amelisubiri sana neno hilo, kwamba si ulafi. Sasa limesemwa, na jasho jembamba linamtiririka mgongoni.

"Nilivitupa chooni juzi," alisema taratibu. "Tangu asubuhi nasikia kizunguzungu."

Daktari alikwisha fika mlangoni, akimwita nesi kwa sauti ambayo Bonge hakuitarajia kwa mtu mpole kiasi kile.