Nyayo za Mwizi wa Rutuba

Misonobari ilipokwisha kukatwa, wanyama walimpa Nguchiro kazi ya kulinda miche mipya, kwa kuwa alishuku hata kivuli chake. Siku hiyohiyo akafagia majani na matawi yote yaliyokuwa yakioza, akayatupa mtoni, ili mwizi akipita aache nyayo.

Miche ikageuka manjano.

“Nyungunyungu, ni wewe unayeiba rutuba! Unakula udongo mchana kweupe!”

“Naula na kuurudisha, bwana mlinzi. Tena mimi sina miguu. Chakula cha miche ni yale majani yaliyooza. Aliyeyabeba ameacha nyayo; zifuate.”

Nguchiro akazifuata, pua chini, akitoa vitisho. Zikampeleka mtoni, zikamrudisha mpaka mlangoni pake. Akauinua mguu wake, akautazama kwa jicho la mashaka.